Bustani ya wachavushaji Moshi: mizinga mnaweka mingapi?

Tulipoomba kipande kile kando ya mfereji, hapa Pasua, kiwe bustani ya wachavushaji, yaani wadudu wanaohamisha chavua (unga wa maua) ili mmea uzae, swali la kwanza kikaoni lilikuwa hilo la mizinga. Tukajibu hatuweki hata mmoja. Watu wakatazamana. Hizi ndizo dhana tulizokutana nazo, na majibu yetu.

Dhana: Kuchavusha ni kazi ya nyuki wa asali.
Nyuki tunayemfuga ni aina moja tu kati ya zaidi ya 20,000 duniani. Wengi hawana malkia wala asali ya kurina. Kila jike hujijengea kiota chake. Angalia pasheni. Chavua yake imekaa juu, nyuki wa asali anapita chini yake, ananyonya nekta, yale maji matamu ya ua, na kuondoka bila kuigusa vizuri. Anayeifaa pasheni ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, ambaye sisi humfukuza kwa ndala. Huyohuyo akija kwenye nyanya hung'ata ua na kutetemesha misuli ya mbawa mpaka chavua inamwagika, na akiondoka utaona alama za kahawia pale alipong'ata. Upepo nao huitikisa nyanya, lakini nyuki wa asali hana ufundi huo kabisa. Papai je? Subiri giza liingie, uone nondo.

Dhana: Kahawa inajichavusha, mdudu wa nini?
Ni kweli nusu. Arabika hujichavusha. Ila utafiti uliofanyika kwenye kahawa ya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba nyuki wakiyafikia maua, tunda huongezeka uzito kwa asilimia 7 hivi. Asilimia 7 kwenye mizani si ya kudharau, hasa kwa kazi ambayo hukumlipa mtu.

Dhana: Pasipofyekwa ni uchafu.
Hapa ndipo tuligombana hasa. Mzee mmoja jirani, mtu mwema, alikuja asubuhi na kwanja "kutusaidia", na hadi tunaamka alikuwa amemaliza nusu ya vumbasha ikiwa kwenye maua. Hatukumlaumu, tumelelewa kufagia uwanja mpaka ung'ae. Lakini nyuki wengi wa porini huchimba ardhini, kwenye udongo mtupu usiolimwa, matundu membamba kama kalamu. Wengine hulala kwenye mabua makavu na magogo yaliyooza. Ukipiga jembe kila kona na kuchoma kila bua, umebomoa nyumba zao. Sasa tumechomeka vijiti kuzunguka matundu, na mzee anauliza kwanza.

Dhana: Ua lolote linatosha.
Waridi lenye petali zilizojazana ni zuri kwa harusi. Mdudu hapati kitu pale. Lantana huleta vipepeo, kweli, lakini ni mgeni anayeteka malisho. Tumepanda mringaringa, mti wa asili wa hapa, ambao wazee waliuacha kwenye kahawa kwa ajili ya kivuli na wakachonga mizinga kwa mbao zake.

Dhana: Ukipuliza dawa jioni, nyuki wamepona.
Jioni ni afadhali kuliko saa nne asubuhi, kwa kuwa wengi wamerudi viotani. Ila dawa nyingine hubaki kwenye jani na ua kwa siku kadhaa, na zile zinazopanda na maji ya mmea huingia hadi kwenye nekta. Majirani tumewaomba jambo moja: maharage yakiwa na maua, bomba libaki stoo.