Ubora wa kazi maana yake nini, na mashine ikiingia inakuwaje kwa kijana

Watu wakisikia mashine imekuja kazini wanauliza tu wangapi watapigwa chini, sawa, ila ubora wa kazi ni habari nyingine. Ni kazi yenyewe ikoje: hela inatosha na inakuja kwa wakati, masaa, usalama, mkataba, unajifunza kitu, na una usemi kiasi gani. Unaweza ukabaki na kibarua chako kilekile alafu ubora ukashuka. Au ukapanda.

Chukua ukamuaji wa mawese huku kwetu Kigoma. Kwenye ile mitambo ya mkono vijana wanasukuma gogo wanazunguka wee, jua hilo, moshi wa mapipa ya kuchemshia chikichi huo, jioni mgongo sio wako. Ikija mashine ya dizeli mgongo unapona, hapo hatubishani. Lakini angalia kinachobaki: badala ya kundi zima kuna mmoja wa kulisha chikichi, mkanda wa injini unazunguka wazi hauna kava, kelele mpaka mnaongea kwa mikono, na mashine ndo inampangia spidi. Ikikwama anaitwa fundi, na hela ya maana anakula fundi. Sasa huyo kijana akifundishwa kukaza mkanda, kubadili oili, kusikiliza injini inavyougua, kazi yake imepanda, asipofundishwa kawa mbeba ndoo tu, tena karibu na hatari.

Vijana wanaguswa zaidi kwasababu vikazi vya kuanzia, kuhesabu magunia, kuandika risiti, kujumlisha mauzo, ndo rahisi kuipa kompyuta, na ndo vilikuwa shule ya asiye na uzoefu. Tangazo la kazi bado linadai uzoefu wa miaka mitatu, ataupatia wapi?

Alafu kuna kuchungwa. Kijana wa kibanda cha miamala ya simu, bosi anaona kila kitu kwenye simu yake, wizi unapungua ndio, ila floti, yaani ile hela ya kufanyia miamala, isipobalansi anakatwa mshahara kabla hata hajaulizwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya Tanzania, inasema masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki, ya ziada ulipwe mara moja na nusu, na mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiteknolojia atoe taarifa na ashauriane nao kwanza. Kwa kibarua wa mawese anayelipwa jioni jioni bila karatasi yoyote, kuidai hiyo ni shughuli.