Gari la demo: dhana potofu kuhusu waranti na kadi ya gari

Dhana: Gari la demo, yaani lile wateja wanaloliendesha kwa majaribio, halijawahi kuuzwa, kwa hiyo waranti inaanza siku nitakayolinunua.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwa kawaida waranti huhesabiwa tangu gari lilipoanza kutumika, na gari la demo huanza kutumika siku muuzaji anapolitoa kwa majaribio. Tuseme waranti ni miezi 36 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Gari likiwa limetumika miezi 9 na kutembea kilomita 8,000, umebakiwa na miezi 27 na kilomita 92,000. Kwa gari la umeme, waranti ya betri nayo mara nyingi huhesabiwa tangu tarehe hiyohiyo.

Maneno ya mdomo ya muuzaji hayatoshi. Soma mwenyewe namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, chini ya kioo cha mbele na kwenye fremu ya mlango wa dereva, uhakikishe zinalingana. Namba hiyo haitumii herufi I, O wala Q, hivyo kinachofanana na O ni sifuri. Ipeleke kwenye karakana iliyoidhinishwa na mtengenezaji, wakuchapishie tarehe ya kuanza waranti, na uulize kama gari limeitwa kurekebishwa kasoro ya kiwandani na kazi hiyo bado haijafanyika. Tarehe hiyo iandikwe kwenye mkataba wa mauzo.

Dhana: Gari liko shoruumu, basi ni mali ya muuzaji.

Si lazima. Wauzaji wengi huweka magari shoruumu kwa mkopo, na mkopeshaji hulishikilia gari kama dhamana mpaka alipwe. Muuzaji akipokea pesa yako asimalize deni, unabaki na gari uani huku kadi imekwama kwa mtu mwingine. Tafuta namba ya chesisi kwenye rejista ya magari uone kama kuna deni lililoandikishwa. Likiwepo, dai barua ya mkopeshaji ya kuliachilia gari kabla ya kumaliza malipo.

Kama gari lilishasajiliwa kwa jina la kampuni, wewe utakuwa mmiliki wa pili, na bei iwe ya gari lililotumika. Kama halijasajiliwa, omba nyaraka za asili za mtengenezaji au za forodha.

Dhana: Kilomita ni chache, hakuna kilichochakaa.

Demo huendeshwa na watu wengi wasiolijua, mara nyingi injini ikiwa bado baridi, na breki hukanyagwa kwa nguvu ili zijaribiwe. Kagua tairi na pedi za breki kwa makini, kwa sababu uchakavu wake kwa kawaida haumo kwenye waranti. Tazama pia kama rangi ya mlango mmoja inatofautiana na ya jirani yake, kwani demo lililogongwa kidogo hunyooshwa na kupigwa rangi kimyakimya.

Mwisho, dai kumbukumbu za sevisi. Oili hubadilishwa kwa muda pia, si kwa kilomita pekee, na sevisi iliyorukwa inaweza kumpa mtengenezaji sababu ya kukataa dai la injini.