Kwa nini kampuni ya roketi ilelewe chuoni?

Tarehe 30 Mei 2024, roketi ndogo iitwayo Agnibaan SOrTeD iliruka kutoka Sriharikota, pwani ya kusini-mashariki mwa India, baada ya kuahirishwa mara nne. Injini yake ilichapwa kwa printa ya 3D ikiwa kipande kimoja, haina kiungo cha kuchomelea. Wenyewe ni Agnikul Cosmos, kampuni changa iliyoanzishwa 2017 na kulelewa katika kituo atamizi (mahali pa kukuzia kampuni changa) cha IIT Madras, chuo cha teknolojia cha Chennai. (Ndicho kilichofungua tawi Zanzibar mwaka 2023.)

Sasa, mtu mwenye wazo la roketi anafuata nini chuoni?

Wengi watasema mtaji. Lakini fedha za vituo atamizi huwa kidogo, na kwa roketi hazifiki popote. Kigumu zaidi ni kupata mahali pa kujaribia injini na mtu anayejua kwa nini imegoma. IIT Madras ina kituo cha taifa cha utafiti wa mwako, na profesa wa fani hiyo, Satyanarayanan Chakravarthy, aliingia kwenye kampuni kama mmoja wa waasisi. Mwenzake, Srinath Ravichandran, alikuwa mhandisi aliyewahi kufanya kazi za fedha Marekani. Maabara kama ile hakuna kijana anayeijenga kwa akiba ya mshahara.

Si lazima iwe roketi. Makerere, Kampala, kuna kituo atamizi cha teknolojia ya chakula. Mtengeneza juisi mdogo hawezi kununua mtambo wa kuua vijidudu kwa joto, mashine ya kujaza chupa na vifaa vya kupimia ubora, vyote kabla hajauza hata katoni moja. Chuo tayari kinavyo, kwa ajili ya kufundishia.

Na chuo kinafaidi nini? Mara nyingi hisa chache, ambazo aghalabu hazizai kitu, maana kampuni changa nyingi hufa. IIT Madras imekwenda mbali zaidi: kampuni zilizopanga ofisi kwenye bustani yake ya utafiti (majengo ya chuo ya kukodisha kampuni) hujikusanyia alama kwa kufadhili utafiti au kuchukua wanafunzi wa mafunzo kazini, na zinatakiwa kufikisha kiwango. Kwangu mimi, hapo ndipo penye akili. Kituo kisicho na maabara wala profesa wa kugongewa mlango ni ukumbi tu wenye Wi-Fi na hundi kubwa ya kupigia picha.

Kwa hiyo ukialikwa kujiunga, omba kwanza kuonyeshwa mashine. Kisha soma mkataba: kituo kinataka hisa ngapi, utakaa miaka mingapi, na hataza (haki ya kumiliki ubunifu) ya utakachobuni kwenye maabara yao itasajiliwa kwa jina la nani.