Mrehani wako haukosi hewa ukaa, unakosa mwanga

Siku hizi kitaluni hakosekani mtu wa kuniuliza: "Bibi shamba, ile chupa ya hamira niiweke wapi, juu ya meza au chini karibu na chungu?" Video zimezagaa kwenye simu, zikidai kwamba hewa ukaa itokayo kwenye chupa hiyo hustawisha mimea ya ndani. Mtu anachanganya sukari, maji ya uvuguvugu na hamira kwenye chupa ya soda, anatoboa kifuniko, na pembeni yake kuna chungu cha maua kimestawi ajabu. Watu wananunua sukari kwa ajili ya hilo, kwa bei hizi! Naandika ili nipate pa kuwaelekeza.

Asili ya jambo hili ni ya kweli. Hamira ikila sukari hutoa ulevi na hewa ukaa, na mmea hujenga mwili wake kwa hewa ukaa. Wakulima wa nyanya wa Uholanzi, kwenye mabanda yao ya vioo, huipandisha kutoka sehemu 420 hivi kwa milioni zilizopo nje hadi 800 au 1,000, na mavuno yakaongezeka. Lakini banda lile limejaa jua na linaweza kufungwa. Ukumbi wa ghorofani Michenzani, mjini Unguja, madirisha wazi na feni inazunguka, ni kitu kingine kabisa.

Tupige hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2.8, kina lita 25,000 za hewa. Ukitaka kukipandisha kwa sehemu 400 kwa milioni unahitaji lita 10 tu za hewa ukaa. Wenye video huishia hapo, na kweli lita 10 si nyingi. Ila nyumba zetu hazikai na hewa. Tuseme inabadilika yote mara 5 kwa saa, na upepo wa kaskazi ukiingia huenda ikawa zaidi. Basi zile lita 10 itabidi uzirudishe mara 5, yaani lita 50 kila saa. Gramu 200 za sukari, zikiliwa zote, hutoa lita 50 na kitu. Kwa hiyo ni chupa nzima kwa saa moja, na kutoka asubuhi hadi magharibi utakuwa umemaliza kilo 2 na zaidi za sukari. Kesho unaanza upya.

Mara hizo 5 ni makadirio yangu, nakubali. Nyumba ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe, madirisha yakifungwa, itabadilisha hewa kwa uchache zaidi. Haya, shusha mpaka mara 1. Bado unadaiwa lita 10 kila saa, na chupa inayodumu wiki moja inakupa kama theluthi ya lita. Mtu aliyekaa tu anachambua mchele hutoa lita 15 hivi kwa saa, sawa na chupa 45 hivi. Mimea yako ilishapata nyongeza hiyo tangu siku uliyohamia.

Hapo ndipo ninapoambiwa, "Basi niongeze hamira." Hili linaniudhi kuliko yote. Hamira huongeza kasi, na kiasi cha hewa kimo kwenye sukari. Yeyote anayepika mkate wa kumimina anajua kwamba ukizidisha hamira unga unaumuka upesi, lakini mkate hauwi wa watu wengi zaidi. Na kwa joto letu la nyuzi 30 chupa itatoa povu kwa fujo siku za mwanzo, kisha itazubaa. Usiku nao hewa hiyo inapotea bure, kwa sababu mrehani gizani hauitumii, wenyewe unatoa yake. Mchaichai, ambao ni jamaa wa muwa na mahindi, una namna yake ya kuikusanya hewa ukaa ndani ya jani, hivyo nyongeza haiusaidii sana hata mchana.

Kilicho haba ndani ya nyumba ni mwanga. Jua kali la saa sita hufika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Mita tatu kutoka dirishani, pazia likiwa limeteremshwa, mara nyingi hazifiki 500. Jicho halioni tofauti hiyo kwa sababu mboni hujipanua na jicho lenyewe huzoea. Utazame mrehani uliowekwa kando ya televisheni. Shina limerefuka na kupinda kuelekea dirishani, baina ya jozi moja ya majani na nyingine panaingia vidole vitatu, kijani kimepauka, na ukilifikicha jani harufu yake ni hafifu. Usogeze dirishani kidogo kidogo, maana ukiutoa ghafla juani utaungua. Majani mapya yatatoka mapana na yaliyokaribiana.

Mwaka 1905 Mwingereza Frederick Frost Blackman alieleza kwamba kasi ya usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, hushikwa na kile kilicho haba zaidi. Vitabu vya skuli huifundisha kanuni hiyo kana kwamba haina mwanya. Inao: hata penye mwanga hafifu, hewa ukaa ikizidi humsaidia mrehani na wenzake kidogo, kwani jani hupoteza sehemu ndogo zaidi ya kile lilichokwisha kutengeneza. Lakini mizizi ikishajaa chungu, mmea hukosa pa kuipeleka sukari yake na jani lenyewe hupunguza kazi. Ndiyo maana nauliza kwanza ukubwa wa chungu, na kama maji ni ya kisima chenye chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, anzia hapo.

Video hazisemi pia kwamba kinachobaki chupani ni pombe. Gramu 200 za sukari kwenye lita moja na nusu ya maji huishia ulevi wa asilimia 8 hivi, zaidi ya bia nyingi. Wengi wanaoniuliza wasingekubali kukiweka kitu hicho majumbani mwao, na wana haki ya kuambiwa kabla. Chupa ikizibwa kabisa, hupasuka.

Pahala inapofaa ni kwenye tangi la samaki lenye mimea. Ndani ya maji hewa ukaa husambaa polepole mno, kama mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo mmea wa majini huweza kuikosa kweli, na viputo vichache vinaonekana faida yake. Weka vali kwenye mpira unaotoka chupani hadi tangini ili maji yasirudi chupani, na usiku utoe mpira tangini. Asubuhi ukiwakuta samaki wanatweta juu ya maji, hewa ukaa imezidi: ondoa chupa na uyatibue maji papo hapo.