Damu ikimwagika sana, mwili unafanya nini? Maswali yenu

Swali: Kijana wa boda aligongwa Kondele, mguu unavuja lakini ameketi anaongea vizuri tu, mbona baadaye akazimia?

Jibu: Mwili unaficha jamani. Mtu mzima ana damu kama lita 5, akipoteza nusu lita, karibu ile unatoa ukienda kuchangia damu, hata hasikii sana. Ikizidi hapo moyo unaanza kukimbia, mishipa ya ngozi na ya tumbo inajibana ili damu iliyobaki iende kwa ubongo na moyo kwanza, ndio unapata presha inasoma kawaida ilhali mtu ashapoteza lita nzima, na hii inaniumaga sana juu watu wanasema "huyu yuko sawa" wanamwacha hapo kando ya barabara. Presha mara nyingi inaanguka akishapita kama lita moja na nusu, hapo mmechelewa. Shika mkono wake: uko baridi, una jasho. Finya kucha uachilie, rangi ikikawia kurudi zaidi ya sekunde 2 au 3, usingoje kingine, mkimbize hosi.

Swali: Na mbona anahema na kifua hakijaumia?

Jibu: Damu ndio hubeba oksijeni. Seli zikiikosa zinachoma sukari bila hiyo oksijeni, nguvu inayotoka ni kidogo sana na asidi inajaa kwa damu, sasa mapafu yanahema kujaribu kuipunguza. Ini nalo linamwaga sukari, kwa hivyo ukimpima unaweza pata iko juu na hana kisukari.

Swali: Analilia maji, nimpe?

Jibu: Usimpe, hata soda. Kiu ni ya kweli, figo zimezuia mkojo ili maji yasipotee, lakini anaweza kutapika apaliwe, na pengine anaenda thieta. Mloweshe midomo tu. Bonyeza kidonda na kitambaa kwa nguvu, usifunuefunue kuangalia, na umfunike leso au koti, kwa sababu mwili ukipoa damu inakataa kuganda, na ile asidi inazidi kuharibu.

Swali: Mama aliyejifungua je?

Jibu: Ni vilevile. Nusu lita baada ya kuzaa tayari ni hatari, leso zikilowa moja baada ya nyingine ita nesi saa hiyo hiyo.

Swali: Akipona damu inarudi lini?

Jibu: Maji yake ndani ya siku moja au mbili, seli nyekundu wiki kadhaa. Apikiwe omena, dengu na osuga (mboga ya mnavu), na vidonge vya madini ya chuma akipewa avimalize.