Mota Yenye Nguvu Maradufu Haiipi Kayaki Kasi Maradufu

Wengi wanaojiundia kayaki (mtumbwi mwembamba) ya umeme nyumbani huamini kwamba wakifunga mota yenye nguvu maradufu, mwendo nao utakuwa maradufu. Sivyo. Kayaki haitelezi juu ya maji kama boti ya mashindano, bali huyapasua na kuyasukuma kando, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo wimbi inalolizua linavyorefuka, hadi omo, yaani sehemu ya mbele, inainuka juu ya mgongo wa wimbi, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inazama bondeni, na chombo kinakuwa kana kwamba kinapanda mlima usiokwisha. Mhandisi Mwingereza William Froude alilichunguza jambo hili katika karne ya 19 kwa kukokota vielelezo vya meli ndani ya birika refu.

Kwa makadirio, kikomo cha kasi kinachowekwa na wimbi hilo, kwa kilomita kwa saa, ni kipeuo cha pili cha urefu wa chombo majini kwa mita, kikizidishwa kwa 4.5, hivyo kayaki yenye mita 4 majini hufikia takriban kilomita 9. Iliyo nyembamba huweza kukivuka kidogo, lakini kwa kuteketeza umeme mwingi, kwani hata chini ya kikomo, kuongeza kasi mara mbili hudai nguvu karibu mara nane.

Anayeumia ni betri. Ile ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, ambazo mota inayovuta wati 300 huzimaliza kwa saa 4, na inayovuta wati 600 kwa saa 2 tu. Fedha ya mota kubwa, kwa maoni yangu, ingefaa zaidi kurefusha chombo chenyewe.