Presha, sukari na mafunzo ya watetezi wa afya mtaani: tunayoyasikia na ukweli ulivyo

Ukitaja presha au sukari mtaani kila mtu ana wa kwake, kama sio mama basi ni mjomba au mwenye nyumba wake. Ila ukisema sasa tuwafundishe watu wa mtaa huo huo pamoja na hizi asasi zetu ndogo ndogo wawe watetezi wa afya, wasaidie kuzuia haya magonjwa mapema, hapo ndo maneno yanaanza. Nimekaa sana kwenye haya mafunzo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, akina mama wa vikoba na vijana wa asasi, na kinachoniuma sio ukosefu wa hela peke yake, ni hizi dhana ambazo hata wanaotoa hela wanazo. Nitazitaja, zingine nitapita haraka.

"Haya ni magonjwa ya wenye hela na wazee"

Hapana jamani. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 magonjwa yasiyoambukiza (moyo, sukari, saratani, mapafu na mengine) yaliua watu wasiopungua milioni 43, na milioni 18 kati yao hawakufikisha miaka 70. Katika hao waliokufa mapema, asilimia 82 walikuwa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Moshi wa kuni unaharibu mapafu ya anayepikia kuni, na kiharusi kikimkuta fundi wa miaka 45 familia nzima inayumba siku hiyo hiyo.

"Kuzuia ni kazi ya daktari, hawa wa mtaani wanajua nini"

Hii naisikia mpaka kwa wasomi. Shida ni kwamba presha mara nyingi haiumi, mtu anakaa nayo miaka, anabeba mizigo, anacheza na watoto, hajui lolote, na daktari hawezi kumpima mtu ambaye hajafika kwake. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta kama asilimia 56 ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Sasa hao utawapata wapi kama sio huko huko waliko, sokoni, kijiweni, msikitini, kanisani, saluni.

Saluni nimeitaja makusudi. Kuna utafiti wa Los Angeles uliotoka 2018, ulifanyika kwenye saluni za kiume 52 za Wamarekani weusi, wanaume 319 wenye presha iliyo juu. Kundi la kwanza kinyozi alimhimiza mteja wake akutane na mfamasia aliyefundishwa kwa ajili hiyo, na mfamasia anakuja pale pale saluni, anapima, anapanga dawa kwa makubaliano na daktari wa mgonjwa. Kundi la pili kinyozi alimhimiza mteja abadili mtindo wa maisha na akamwone daktari wake. Baada ya miezi sita ile namba ya juu ya presha, ile ya kwanza kama 140 kwenye 140/90, ilikuwa imeshuka kwa 27 kwenye kundi la kwanza, na kwa kama 9 kwenye la pili. Hebu ona hapo, makundi yote mawili yalikuwa na kinyozi anayeaminika, ila kilicholeta tofauti kubwa ni kwamba moja lilikuwa na huduma nyuma ya yale maneno. Na vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka wahudumu wa jamii walifundishwa kupima presha nyumba kwa nyumba na kushauri familia, huku na madaktari wa vituo wakipewa mafunzo, na matokeo yaliyotoka 2020 yalionyesha presha ilishuka zaidi kwa kama namba 5 kuliko vijiji vilivyoachwa na huduma ya kawaida. Namba 5 inaonekana ndogo kwa mtu mmoja, kwa wilaya nzima ni viharusi vingi ambavyo havikutokea.

"Mpe mtu elimu, atabadilika mwenyewe"

Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo hela nyingi zinapotea. Mafunzo mengi yanaanza na picha za moyo na figo ukutani, mtaalamu anaongea masaa matatu, watu wanaandika, wanakula, wanasaini posho, wanaondoka. Nyumbani chumvi ni ile ile. Sio kwamba hawakuelewa, ila chakula anapika mmoja, anayetoa hela ni mwingine, na anayenung'unika kwamba mboga haina ladha ni wa tatu, sasa wewe umemfundisha yupi?

Mtetezi apewe kitu cha kufanya na ile familia. Mimi napenda hesabu ya pakiti ya chumvi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kisichojaa, na hiyo ni chumvi yote ya siku nzima. Nyumba ya watu wazima watano basi isizidi gramu 25 kwa siku, maana yake pakiti ya nusu kilo inatakiwa ikae siku 20 au zaidi. Muulize mama mwenye jiko, usimhubirie, muulize tu hii pakiti dada yangu huwa inakaa muda gani. Akisema siku kumi, hesabu ameshaipiga mwenyewe, kila mmoja anakula mara mbili ya kiwango, na hapo hatujagusa mkate, vile viungo vya vipakiti anavyoweka kwenye mchuzi wala chipsi za jioni. Najua sio kipimo cha maabara, chumvi nyingine inamwagwa na maji, nyingine inaliwa na wageni, lakini inaanzisha maongezi ambayo picha ya figo sijawahi kuona ikiyaanzisha. Afu mnakubaliana jambo moja tu, kwa mfano chumvi itoke mezani, au iwekwe mara moja kwa kijiko badala ya kurushia kwa vidole. Baada ya wiki mbili mtetezi anarudi kuuliza imekuaje. Kule kurudi ndo kazi yenyewe, na ndo ambako hakuwekwi kwenye bajeti.

Na kuna mambo ambayo kama hujamuandaa mtetezi atakwama. Mtu akipungua uzito huku kwetu anaulizwa anaumwa nini, wengine wanaenda mbali zaidi wanasema ana UKIMWI, na mume anaambiwa hamtunzi mkewe. Kwa hiyo ukimwambia mama apunguze mwili bila kuongea na mume wake na mashoga zake umempa mzigo. Mwingine atasema dawa za sukari ndo zinaua figo, na mtetezi inabidi ajue kujibu kwa upole kwamba ni sukari yenyewe ikiachwa juu miaka mingi ndo inaumiza figo, na mgonjwa asiache dawa kabla hajaongea na aliyemuandikia.

Wenzetu wa North Karelia kule Finland walianza mradi wa kuzuia ugonjwa wa moyo 1972, wakati wanaume wao walikuwa wanakufa kwa moyo kwa kiwango cha juu kabisa duniani. Pekka Puska aliyeuongoza na timu yake hawakuishia kwenye mihadhara. Chama cha akina mama kinachoitwa Martha kiliitisha mikusanyiko vijijini, wanapika vyakula vyao vile vile kwa njia yenye afya zaidi, wanakula pamoja. Watu wenye kusikilizwa vijijini walifundishwa wawe mabalozi, kiwanda cha soseji kikashawishiwa kupunguza mafuta na chumvi, na baadae hata wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakasaidiwa kuingia kwenye kilimo cha matunda. Miaka 40 na ushee baadae vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Miaka 40, sio mradi wa miezi tisa.

"Mhudumu akishapima, basi ugonjwa umejulikana"

Hii ni hatari pande zote mbili, wapo wanaoambiwa wana presha kumbe hawana na wapo wanaoambiwa wako sawa kumbe hawako. Mashine ya presha inaonekana rahisi, unafunga unabonyeza, lakini mtu aliyefika mbio kutoka sokoni ukimpima hapo hapo huku anakusimulia habari za mtoto wake, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya shati zito, namba utakayopata haina maana. Apumzike kama dakika tano, aegemee kiti, miguu yote ikae chini bila kukunja nne, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukae kwenye ngozi na umtoshe, na asiongee, maana kuongea tu kunaweza kupandisha namba kama 10 hivi. Akiwa amebanwa na mkojo aende kwanza. Afu unapima tena, na ikibaki 140/90 au zaidi humwambii "wewe una presha", unamwambia namba yako iko juu leo, nakuandikia rufaa, na kituoni watarudia siku nyingine kuhakikisha. Ikiwa juu sana, 180/120 na kuendelea, na ana maumivu ya kifua, anashindwa kupumua au upande mmoja umelegea, hapo hakuna kusubiri, anapelekwa hospitali sasa hivi.

Mhudumu wa jamii anachuja na kuunganisha, hathibitishi ugonjwa wala hagawi dawa za presha kwa kukisia. Mafunzo yasiyoweka huo mpaka wazi yanamuweka pabaya yeye na mgonjwa.

"Kujitolea ni wito, hawahitaji kulipwa"

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kuhusu wahudumu wa jamii unasema walipwe kulingana na ugumu wa kazi, masaa na mafunzo yao. Kenya Septemba 2023 ilizindua wahudumu zaidi ya 100,000 wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na posho iliyopangwa ilikuwa shilingi 5,000 za kule kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Tanzania Januari 2024 ilizindua mpango wa kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Ni hatua kubwa, ila mama anayeacha genge lake ili akakutembelee wewe mgonjwa, siku posho ikichelewa miezi mitatu atarudi gengeni, na mimi siwezi kumlaumu.

"Mwenye sukari hawezi kufundisha wenzake"

Anaweza tena vizuri sana, yeye anajua kuficha dawa kazini kunavyokuwa na anajua harusini unakwepaje soda bila kugombana na watu. Ukanda wetu huu tulishajifunza hili kwenye UKIMWI, Uganda TASO, asasi ya kusaidia watu wenye UKIMWI, ilianzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, watu ambao ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba zao.

"Asasi zikae mbali na mambo ya kodi na sheria"

Hapana, hapo ndo wanahitajika sana. Afrika Kusini ilipitisha kanuni za kupunguza chumvi kwenye mkate na vyakula vingine vya viwandani mwaka 2013, zikaanza kazi 2016, na kodi ya vinywaji vyenye sukari ikaja Aprili 2018, Mexico yao ilianza Januari 2014. Kwenye hizo kodi asasi zilikuwa mstari wa mbele kuongea na wabunge na waandishi. Kwa hiyo kijana wa asasi afundishwe kusoma bajeti ya halmashauri, aulize fungu la dawa za presha liko wapi, aandike barua ya ukurasa mmoja. Na asasi isipokee hela ya kampuni ya soda kufanya kampeni ya mazoezi shuleni, maana siku kodi ikijadiliwa hamtakuwa na mdomo.

"Mafunzo yamefanikiwa, ukumbi ulijaa"

Karatasi ya mahudhurio inaonyesha nani alikuja, basi. Hesabu wangapi walikutwa na namba za juu, wangapi kati yao walifika kituoni kweli, wangapi walianza dawa, na baada ya miezi sita wangapi bado wanameza na wameshuka chini ya 140/90. Mwanzoni hizo namba zitakuwa ndogo na zitakatisha tamaa, ziandikwe hivyo hivyo, maana ndo zinaonyesha watu wanapotelea wapi, kama ni nauli, kama ni foleni ya kituo, kama ni stripi za kupimia sukari zimeisha tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo andiko la mradi likija mezani kwako lina ukumbi, chakula na fulana lakini halina nauli ya mhudumu kurudi majumbani mwezi wa pili na wa tatu, warudishie waandike upya.